Nailoni ya Boti: Maji Kwanza, Mkono Baadaye

Mabela unaweza kupita mitaa mizima bila kuiona bahari, lakini boti utaziona: juu ya trela, pembeni ya ukuta, katikati ya magari. Nyingi zina turubai, na turubai lina madirisha ya plastiki angavu. Kwetu nyumbani wakubwa huyaita "nailoni" tu, basi na mimi nitasema nailoni.

Kwa nini niandike habari za plastiki? Kwa sababu ya macho. Toka Sib uelekee Barka jioni ya kiangazi, jua linakukaa usoni. Nailoni safi huihisi hata kama ipo. Ikiwa imekwaruzika, kila mkwaruzo unatawanya mwanga na dirisha zima linageuka jeupe kama ukungu. Mbele yako kunaweza kuwa na kiboti cha mvuvi, boya la nyavu, au mtu anaogelea. Na nyuma yako wamekaa watoto wa familia nzima.

Sasa, adui ni nani? Wengi husema chumvi. Kweli, lakini chumvi ina mwenzake: vumbi. Boti ikilala Mabela wiki moja tu, nailoni inavaa vumbi juu ya chumvi iliyokauka. Ukipangusa kavu, hata kwa kitambaa laini, unasugua msasa. Ndiyo maana baba yangu husema, "Maji kwanza, mkono baadaye." Wallahi, hiyo ni nusu ya elimu yote.

Nusu ya pili ni hii. Osha mapema asubuhi, nailoni ikiwa baridi na ipo kivulini, maana tone likikaukia juani linaacha doa. Mwagia maji ya bomba mengi, kwa mpira usio na nguvu kali, mpaka mchanga wote uteremke. Halafu sabuni laini kidogo kwenye ndoo, na kitambaa safi cha maikrofaiba. Pitisha taratibu bila kukandamiza. Suuza tena, kisha kausha kwa kitambaa kingine. Kile cha injini kisikaribie kabisa!

Dawa ya kusafishia vioo usiitie. Mwaka jana muosha magari mmoja alitaka kutusaidia, akapuliza ya kwake yenye amonia. Baba akamzuia, lakini dirisha moja lilikuwa limeshapata. Nailoni hii si kioo. Ni PVC, na ulaini wake unatokana na kemikali maalumu zilizochanganywa ndani. Amonia, spiriti, asetoni na tina huidhuru: inakauka, inapata ukungu, mwisho inapasuka. Ipo dawa ya kung'arisha iliyotengenezwa kwa plastiki ya boti. Tumia hiyo, lakini muulize kwanza fundi aliyeshona turubai, kwa sababu nailoni nyingine zina utando juu na hazitaki kila dawa. Hata mikono yenye krimu ya jua isiiguse.

Kuikunja ni kazi nyingine. Kiangazi cha Maskati joto linapita nyuzi 40, na nailoni inalegea. Ukiikunja, alama ya mkunjo inabaki. Izungushe kama mkeka, tena ikiwa safi na kavu, na katikati weka shuka la pamba ili plastiki isigusane na plastiki. Mabomba ya fremu nayo yanachomeka juani. Yavishe kitambaa pale yanapogusa. Zipu isuuze chumvi, kisha ipake nta kidogo. Binamu zangu mlioko Uingereza, kwenu ni kinyume: baridi inaikakamaza, kwa hiyo msiizungushe kabla haijapata joto kidogo, itapasuka.

Jua lenyewe hatulishindi. Boti ikipumzika, ivishe kifuniko kizima, hapo nailoni itachelewa kuwa njano. Methali ya ufa na ukuta haitusaidii sana hapa: mikwaruzo midogo hupungua kwa kung'arishwa, ya ndani haizibiki. Kwa hiyo kabla ya safari, kaa kwenye usukani, tazama jua likiwa chini. Kama hamwoni vizuri, zungusheni dirisha la mbele juu mkapigwe na upepo, na mkirudi mpelekeeni fundi aweke jipya. Msiendeshe kwa kubahatisha, jamani.