Mtoto Mchanga Anapolia Usiku: Kabla ya Kushika Chupa ya Dawa

Nyumba yoyote iliyowahi kupata mtoto mchanga inaijua saa nane ya usiku. Mtoto amenyonya, amebadilishwa nepi, amebebwa, amelazwa, amebebwa tena, naye bado analia. Mama amechoka. Baba amegeukia ukutani akikumbuka kwamba saa kumi na moja anatakiwa kuamka aende kazini. Bibi aliyekuja kumhudumia mzazi anatoa maoni yake kutoka chumba cha pili: huyo ana chango. Kukipambazuka jirani naye atasema lake, na kabla jua halijatua mtoto wa wiki tatu atakuwa amekwisha kunyweshwa kitu. Ni hicho kitu tunachopenda kukizungumzia mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya. Kilio chenyewe mara nyingi hakina madhara, lakini tiba ya kilio imeumiza watoto wengi, na wengine imewaua.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mtoto mchanga hajui usiku wala mchana. Hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kati ya saa 24, lakini kwa vipande vya saa mbili, tatu au nne. Huanza kutofautisha usiku na mchana taratibu, katika mwezi wa pili na wa tatu. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, ndiyo maana anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kila siku, usiku ukiwemo. Kwa hiyo mtoto anayeamka usiku kutafuta ziwa haumwi. Anafanya kazi yake.

Tena kilio cha watoto wachanga kina kalenda yake. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha hesabu zilizowekwa siku kwa siku na akina mama wa watoto 80 waliokuwa na afya njema. Kilio kiliongezeka wiki hadi wiki, kikafika kilele kwenye wiki ya sita, karibu saa tatu kwa siku kwa mtoto wa kawaida, kisha kikapungua hadi mwezi wa tatu. Kilikuwa kikali zaidi jioni na usiku. Pengine msomaji atasema hao ni watoto wa Wazungu. Basi, mwaka 1991 watafiti walitoa matokeo kuhusu watoto wa Wasan wa nyika ya Kalahari nchini Botswana, ambao hubebwa karibu siku nzima na kunyonya kila mara. Nao pia kilio chao kilipanda na kushuka katika umri uleule. Tofauti ilikuwa moja: kila walipolia, walilia kwa muda mfupi zaidi.

Kalenda hiyo inaeleza jambo moja linalowachanganya wazazi wengi. Mtoto wa wiki sita analia kupita kiasi, anapewa dawa ya chango. Wiki ya nane anapewa nyingine kwa sababu ile ya kwanza haikufaa. Wiki ya kumi anafungwa uzi mweusi mkononi. Wiki ya kumi na mbili anatulia, na aliyefunga uzi ndiye anayepata sifa. Kumbe mtoto angetulia vilevile hata kama asingepewa chochote. Ndivyo dawa nyingi za kilio zilivyojipatia jina zuri mitaani, na ndiyo maana ni vigumu kumshawishi bibi kwamba hazina kazi, kwani yeye ameona kwa macho yake watoto wanane wakipona.

Je, hakuna la kufanya? Lipo. Mwaka 1986 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanyika Montreal, Kanada, kwa akina mama 99. Nusu yao waliombwa wawabebe watoto wao kwa angalau saa tatu kila siku, hata wakati hawalii. Walipofikisha wiki sita, watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Madaktari wa Kanada walilazimika kufanya jaribio ili wajue kile ambacho mbeleko ya bibi zetu ilikuwa ikikifanya bila maandishi! Tunasikitika kuona akina mama vijana wakiionea haya mbeleko na kumlaza mtoto peke yake kutwa nzima. Ila mtoto wa wiki za mwanzo, ambaye shingo haijakaza, afungwe kifuani, uso wake uonekane na kidevu kisibanwe kwenye kifua chake.

Usiku wenyewe, mama ajaribu ziwa kwanza. Taa iwe hafifu na maneno yawe machache, ili mtoto aanze kujifunza kwamba usiku si wakati wa mazungumzo. Akimaliza, abebwe wima begani na kupigwapigwa mgongoni taratibu hadi acheue. Kama bado analia, mvueni nguo mumwangalie mwili mzima. Huenda amefungwa nguo nyingi mno: gusa kifua au shingo, na kama kuna jasho, punguza. Mikono na miguu haitoi habari sahihi, maana huwa ya baridi hata kwa mtoto mwenye joto la kutosha. Angalia kama kuna mbu ndani ya chandarua. Angalia vidole vya miguu kimoja kimoja, kwani mara nyingine unywele wa mama au uzi wa soksi hujizungusha kwenye kidole na kukikaza hadi kivimbe. Huyo hatanyamaza kwa dawa yoyote ya tumbo.

Akiwa mzima kabisa na bado analia, abaki na nepi tu, awekwe kifuani kwa mama au baba, ngozi kwa ngozi, na wafunikwe pamoja kwa kitenge. Njia hii ilianza kutumiwa kwa watoto njiti huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na leo hutumika katika hospitali nyingi. Joto la mwili, mapigo ya moyo na sauti ya chini ya wimbo wa kubembeleza humtuliza hata mtoto aliyezaliwa na uzito kamili. Akina baba wasiseme kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Kifua cha baba kina joto lilelile, na saa mbili za usingizi kwa mama aliyejifungua ni dawa kubwa. Mtoto akisinzia, alazwe chali mahali palipo tambarare, bila mito wala nguo nzito karibu na uso. Tangu miaka ya 1990 nchi nyingi zilipoanza kuwafundisha wazazi kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla vya watoto waliolala vilipungua sana.

Sasa turudi kwenye chupa. Akina mama wengi huona kilio wakaamini maziwa hayatoshi, na hapo ndipo uji mwepesi na maji ya sukari huingia. Usipime maziwa kwa kilio. Pima kwa nepi na kwa mizani: mtoto wa zaidi ya wiki moja anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha uzito unapanda, anashiba. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2001 kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila hata maji. Kila kijiko cha kitu kingine huchukua nafasi ya maziwa, na maji yasiyo safi huleta kuhara.

Gripe Water ilibuniwa Uingereza mwaka 1851, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa na kileo ndani yake. Haishangazi kwamba watoto walinyamaza! Kileo kiliondolewa kule mwaka 1992. Zinazouzwa siku hizi kwa kawaida hazina kileo, lakini pia hakuna ushahidi mzuri kwamba zinatibu kilio. Hatari zaidi ni zile dawa za mafua na za mzio zinazoleta usingizi, ambazo baadhi ya wazazi hununua dukani ili mtoto alale. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba promethazini isitumiwe kabisa kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi. Mtoto hulala, na asubuhi haamki. Mitishamba nayo haina kipimo, na ini na figo za mtoto mchanga hazijakomaa kuweza kuishughulikia. Asali, hata ile safi ya Tabora, isiguse ulimi wa mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwake na kulegeza misuli hadi ile ya kupumulia.

Kuna jambo la kusikitisha zaidi. Mtoto anayelia sana na kukohoa au kutapika bado hupelekwa kwa mganga wa kienyeji akatwe kimeo. Mwingine mwenye homa na kuhara huambiwa ana meno ya plastiki, imani iliyoenea nchini kwetu tangu miaka ya 1980. Fizi huchimbwa kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli, na kinachotolewa huonyeshwa kwa mama kama ushahidi. Kinachoonyeshwa ni kweli cheupe na laini, kwa sababu ni chipukizi la jino la mtoto mwenyewe, ambalo lilikuwa halijakomaa. Plastiki haimo. Kimeo nacho ni sehemu ya koo ambayo kila mtu anayo, hata huyo mganga. Watoto hufa kwa kutokwa na damu, kwa vidonda kuoza, kwa pepopunda, huku nimonia au malaria iliyokuwa ikiwasumbua ikiachwa bila kutibiwa. Mzazi anayeshauriwa hivyo, hata na mama mkwe, ana haki ya kukataa kwa heshima. Na baba asimwachie mke wake peke yake mzigo wa kukataa.

Kwa wanaoishi sehemu za baridi kama Njombe na Makete, msiingize jiko la mkaa chumbani ili kumpasha mtoto joto. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, nayo huua familia nzima usingizini.

Yupo pia mzazi ambaye usiku wa nne au wa tano hasira humpanda. Jambo hili halisemwi, lakini lipo, hata kwa wazazi wema. Ukijiona umefikia hapo, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje dakika chache, unywe maji, kisha mwamshe mtu mwingine. Kamwe usimtikise. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo ni dhaifu, na kumtikisa kwa nguvu kunaweza kupasua mishipa ya damu ndani ya ubongo. Kama mama hana raha kwa zaidi ya wiki mbili, halali hata mtoto anapolala, au anapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa unaoitwa sonona na una tiba. Wanajumuiya wanaokuja kumpongeza mzazi wangefanya vyema kumfulia nguo na kumbeba mtoto saa moja, kuliko kumletea orodha ya dawa.

Hatusemi kwamba kila kilio kipuuzwe. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi au aliyepoa kuliko kawaida, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayebonyea kifua akivuta pumzi, anayepata degedege, anayetapika rangi ya kijani, aliyevimba utosi, mwenye viganja na nyayo za manjano, au mwenye kitovu chekundu kinachotoa usaha, huyo ni mgonjwa. Vivyo hivyo yule aliyekuwa akilia sana kisha akawa mnyonge, haamki ila kwa kusukumwasukumwa. Msingoje kupambazuke, wala msipitie kwa mganga wa kienyeji kwanza. Mpelekeni zahanati au hospitali usiku huohuo akiwa amefungwa kifuani kwa mama, na kama anaweza kunyonya, aendelee kunyonya njiani.