Maharagwe Yamejaa Majani, Maganda Yako Wapi?

Masika yanapokaribia mwezi wa Machi, wafanyakazi wengi wa mijini hutuma pesa nyumbani za kununua mbolea. Miezi miwili baadaye hupata habari isiyopendeza: maharagwe yamestawi, majani yamefunika shamba zima, lakini maganda ni ya kuhesabu. Lawama hutupiwa mbegu au mvua. Yamkini kosa lilikuwa ndani ya mfuko ulionunuliwa.

Maharagwe si mahindi. Mahindi hutegemea mkulima ayaletee naitrojeni, lakini maharagwe na jamaa zake, yaani kunde, ndengu na mbaazi, hujipikia. Mnamo mwaka wa 1886 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walieleza siri hiyo. Katika mizizi ya mimea hii kuna vinundu vinavyokaliwa na bakteria. Mmea huwapa sukari, nao huivuta naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea.

Sasa mwagia mimea hiyo CAN au urea kwa wingi. Mmea ukipata chakula cha bure, huacha kuwalisha bakteria wake. Vinundu hupungua, majani huzidi, maua huchelewa. Majani yakisongamana, unyevu hukaa na magonjwa ya ukungu hupata makao. Ukipanda maharagwe katikati ya mahindi, CAN iwekwe kwenye shina la mhindi, isitawanywe ovyo.

Hata hivyo, tusiyasifu maharagwe kupita kiasi. Katika kazi hii ni mavivu yakilinganishwa na kunde au mbaazi, na mche mchanga hauna vinundu bado. Naitrojeni kidogo wakati wa kupanda husaidia. Ndiyo sababu DAP huyafaa: ina naitrojeni asilimia 18 na fosfeti asilimia 46. Fosforasi ndiyo inayojenga mizizi, kuvipa vinundu nguvu na kujaza punje. Ichanganywe na udongo kwanza, maana ikigusa mbegu huiunguza.

Tatizo ni kwamba DAP ya mwaka baada ya mwaka huongeza asidi. Katika sehemu nyingi za Magharibi mwa Kenya udongo tayari una asidi, na udongo wa namna hiyo huikamata fosforasi usiiachilie. Huko mkulima anaweza kuongeza mifuko asione tofauti, kumbe alihitaji chokaa. Udongo upimwe kwanza.

Samadi je? Kilo kwa kilo, virutubishi vyake ni vichache kuliko vya mbolea ya dukani, na kuibeba hadi shambani ni kazi ya kuvunja mgongo, ambayo aghalabu huwaangukia akina mama. Lakini samadi hushika maji, hulainisha udongo na kutoa chakula polepole. Ioze vizuri kwanza, kwa sababu mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Irundikwe kivulini na kufunikwa kwa majani ya migomba; ikiachwa juani na kunyeshewa, naitrojeni hupotea. Samadi pamoja na DAP kidogo mara nyingi huzidi kila moja peke yake.

Mwanafunzi anaweza kuchunguza mambo haya katika shamba la shule. Maharagwe yakianza kutoa maua, chimbua mmea mmoja taratibu, osha mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, wamelala. Uvimbe usiobanduka mzizini huenda ni kazi ya minyoo.

Pasipo na vinundu, kuna bakteria wa kupaka mbegu, kama vile Biofix iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni viumbe hai: wawekwe kivulini, na pakiti ya soya isitumiwe kwa maharagwe.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa msimu ujao, mpigie mama simu. Mwambie ang'oe mmea mmoja kwanza.