Makosa ya Sintaksia katika Uandishi wa Viashiria vya Soko

Makala haya yanafafanua jinsi makosa ya sintaksia yanavyorekebishwa katika MQL4, lugha inayotumiwa kuandikia viashiria vya bei katika MetaTrader 4, programu ya biashara ya fedha za kigeni iliyotolewa mwaka 2005. Huenda mada hii ikaonekana geni kwa mwanaisimu. Hata hivyo, kompaila, yaani programu inayouchanganua msimbo na kuutafsiri kwa ajili ya kompyuta, hufanya kazi inayokaribiana mno na uchanganuzi wa sentensi.

Tutwae kiashiria sahili cha wastani wa bei za kufungia soko za siku 14 za karibuni:

double jumla = 0;
for (int i = 0; i < 14; i++)
   jumla = jumla + Close[i]
double wastani = jumla / 14;

Mstari wa tatu umekosa nukta-mkato (;). Ajabu ni kwamba kompaila huulalamikia mstari wa nne, usio na dosari yoyote. Msomaji hulitambua pengo pale tu anapokutana na kitu asichokitarajia. Anayesoma "Mkulima ambaye alipanda mahindi" hashuku lolote hadi afike kwenye nukta. Hapo ndipo anapogundua kuwa kitenzi kikuu hakikutokea. Kwa hivyo, mrekebishaji huanza na kosa la kwanza katika orodha, akapanda mstari mmoja au miwili kutafuta kilichopungua, kisha akaurudisha msimbo kwa kompaila. Hana haja ya kuhangaikia makosa mengine 30 yaliyoorodheshwa. Aghalabu yamezaliwa na lile la kwanza, hasa ikiwa ni bano lisilofungwa. Herufi kubwa nazo zina uzito: "wastani" na "Wastani" ni majina mawili tofauti.

Kosa la hatari zaidi halina sauti. Alama <= ikiandikwa badala ya <, bei 15 zitajumlishwa kisha zigawanywe kwa 14. Kompaila haitanung'unika, maadamu usarufi si maana, tofauti aliyoisisitiza Noam Chomsky mwaka 1957. Iwapo bei ya kila siku ni 100, wastani utasomeka takriban 107.14. Mfanyabiashara anayekitegemea kiashiria hicho ataona bei iko chini ya wastani hata pale ambapo haijashuka, na huenda akauza alichopaswa kukishikilia. Fedha zinazopotea ni zake. Ndiyo maana, hata baada ya kompaila kuridhika, ni heri kukokotoa kwa mkono wastani wa siku moja na kuulinganisha na ule unaochorwa kwenye skrini.