Viti vya Jumba la Sinema Katika Sebule ya Nyumbani

Mtu wa Bukavu au wa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu anayekusudia kuuza viti vikuukuu vya sinema ili vipambe sebule za watu hana budi kufahamu kwamba kila kiti kiliundwa kukaa safuni, kikiwa kimekazwa sakafuni kwa skurubu na kushirikiana mguu na jirani yake wa kuume na wa kushoto. Na hapo ndipo hesabu ya biashara hii inapowatia wengi khasara. Safu ya viti vitano ina miguu sita ya chuma cha kusubu: muuzaji akiikata kupata kiti kimoja kimoja, kila kiti kitataka miguu miwili iliyo yake, naye atatoka na viti vitatu tu; akiikata jozi jozi, kila jozi kwa miguu mitatu, atapata viti vinne. Kwa hiyo mimi humshauri auze jozi, na ile miguu ya pembeni, ambayo aghalabu ndiyo iliyonakshiwa kwa kuwa ilielekea njia ya wapitao, aitunze kama roho ya bidhaa yake.

Kadhalika, sakafu za majumba mengi zilijengwa kwa mteremko ili aketiye nyuma aone juu ya kichwa cha aliye mbele, na miguu ikasubiwa kwa kuufuata. Ikisimamishwa juu ya sakafu iliyo sawa, kiti huinama. Seremala huponya kasoro hiyo kwa kabari na ubao mzito wa mti wa libuyu, ambao juu yake miguu hukazwa kwa bolti, bila mwenye nyumba kutobolewa sakafu. Rangi ya kale isipigwe msasa mkavu, maana huenda ina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Majumba yenyewe yalikuwa fakhari ya miji. Huko Unguja, Royal lilifunguliwa mwaka 1921, na baada ya kuteketea kwa moto likajengwa upya katika miaka ya 1950 kwa jina la Majestic; kisha televisheni na kanda za video zikawaondoa watazamaji katika majumba mengi ya mwambao. Bukavu, ambayo Wabelgiji waliiita Costermansville, bado ina majengo ya mtindo wa Art Deco, na kiti cha zama hizo kikiwekwa katika nyumba ya namna hiyo hukaa kama mwenyeji. Lakini jumba linaloweza kuhuishwa lisinyang'anywe viti vyake. Majestic limefanyiwa jitihada za kulirudishia uhai, na sinema isiyo na viti ni ghala tu.

Mnunuzi naye akipindue kiti. Misumari midogo iliyopigwa kwa nyundo huashiria kitambaa cha zamani, ilhali pini za stepla hutoa habari ya ukarabati wa baadaye; kibati cha nambari, kikiwapo, kisisuguliwe hadi kung'aa. Vya kupelekwa Idjwi vifunguliwe kabla ya kupakiwa botini, kila mguu utiwe alama ya kiti chake, na chuma kipakwe mafuta dhidi ya unyevu wa ziwa. Kisha chini ya kila kikalio ibandikwe karatasi yenye jina la jumba, mji, na yule aliyekuwa na haki ya kukiuza.