Daftari Shirikishi katika Madarasa ya Chini: Mkasi, Gundi na Kazi ya Akili

Daftari shirikishi ni daftari la kawaida la shule ambalo mwanafunzi hulitengeneza mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa, kwa kuchora, kukata, kukunja na kubandika vikaratasi vya kufunuliwa, na kwa kuandika kwa maneno yake kile alichokielewa katika somo, badala ya kunakili tu yaliyoandikwa ubaoni. Mwaka unapokwisha, kila mtoto huwa na kitabu cha rejea alichokiunda kwa mikono yake, chenye kurasa zilizopewa namba na orodha ya yaliyomo mwanzoni. Katika shule za msingi za Marekani njia hii imeenea kuanzia chekechea na kuendelea, kiasi kwamba imezuka biashara kubwa ya kuuza violezo kupitia intaneti, yaani karatasi zilizokwisha kuchapwa maneno, picha na mistari ya kukatia. Na biashara hiyo, pamoja na kuwapunguzia walimu kazi, imechangia pia kuififisha maana ya daftari lenyewe.

Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya watoto wadogo. Umaarufu wake ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya walimu wa California walioanzisha taasisi ya Teachers' Curriculum Institute, ambao katika miaka ya 1990 waliieneza kupitia History Alive!, mpango wa ufundishaji uliowalenga wanafunzi wa historia na maarifa ya jamii waliokwisha kujua kusoma na kuandika vizuri. Kanuni yao ilikuwa kwamba kurasa mbili zinazotazamana zigawane kazi: ukurasa wa kulia upokee maarifa yatokayo kwa mwalimu au kitabuni, na ukurasa wa kushoto uwe uwanja wa mwanafunzi wa kuyachakata maarifa hayo, kwa mfano kwa kuchora katuni, kutunga maswali au kuandika barua kana kwamba yeye ni mtu wa zama zinazosomwa. Mikunjo ya karatasi ilikuja kuungana na daftari hili kutokana hasa na vitabu vya Dinah Zike, mwalimu na mwandishi wa Texas, aliyeonyesha jinsi karatasi moja inavyoweza kukunjwa na kukatwa ikawa jedwali, kijitabu au safu ya vifuniko vinavyoficha majibu.

Baadhi ya watetezi wa njia hii waliueleza mgawanyo wa kurasa kwa nadharia ya pande mbili za ubongo, wakijiegemeza kwa Roger Sperry, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1981 kwa uchunguzi wake wa wagonjwa ambao nusu mbili za ubongo wao zilikuwa zimetenganishwa kwa upasuaji. Kutoka kwa wagonjwa hao hadi kudai kwamba ukurasa wa kushoto huamsha ubunifu uliolala upande mmoja wa kichwa ni mbali mno, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliopitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 mwaka 2013 hawakuona dalili kwamba kuna watu wanaotawaliwa na upande huu au ule. Mgawanyo huo una faida nyepesi zaidi na ya kweli zaidi: humlazimisha mwalimu kumwachia mtoto nafasi. Kwa mtoto wa miaka sita, ambaye bado huchanganya kulia na kushoto, kanuni yenyewe inaweza kulegezwa bila hasara yoyote, mradi kila somo liwe na sehemu ambayo mwalimu hakuijaza.

Sababu ya kuitunza sehemu hiyo ilielezwa mapema na Merlin Wittrock wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ambaye katika makala yake ya mwaka 1974 alitoa hoja kwamba kujifunza ni kuzalisha maana, yaani kuunganisha jambo jipya na yale ambayo mtu ameyajua tayari, na kwamba maelezo aliyoyaunda mwanafunzi humfaa kuliko yale aliyokabidhiwa. Kwa watoto wanaoanza shule ushahidi wa karibu zaidi unatoka Chuo Kikuu cha Indiana, ambako Karin James na Laura Engelhardt mwaka 2012 walichapisha utafiti juu ya kundi dogo la watoto wa umri wa miaka mitano hivi, wasiojua kusoma bado. Watoto hao walijifunza herufi na maumbo kwa njia tatu: kuyaandika kwa mkono wenyewe, kupitisha kalamu juu ya mistari ya nukta, na kuyabonyeza kwenye kibodi. Walipoonyeshwa herufi wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, maeneo yanayotumiwa na wasomaji yaliamka zaidi kwa herufi walizoziandika wenyewe kuliko kwa zile walizofuatisha au kuzibonyeza. Mtoto alipoiunda herufi kwa jasho lake, hata ikapinda, alikuwa amefanya jambo ambalo hakulifanya alipofuata nukta. Utafiti huu haukuhusu daftari shirikishi, lakini ni vigumu kuusoma bila kuvifikiria violezo vya kuuzwa, ambavyo vingi humwachia mtoto kupaka rangi na kufuata nukta peke yake.

Mfano wa somo la silabi unaweza kuonyesha tofauti hiyo. Mwalimu wa Darasa la Kwanza huwapa watoto kadi ndogo na utepe wa karatasi wenye upana wa vidole viwili. Kwenye kadi mtoto huandika «aka» upande wa kulia, na upande wa kushoto mwalimu humsaidia kukata mipasuo miwili ya kupitishia utepe. Kwenye utepe huandikwa, moja chini ya nyingine, herufi p, k, t, s, w, d na g. Kadi hubandikwa daftarini kwa kingo zake za kulia na kushoto tu, ili utepe uweze kuvutwa juu na chini, na kila herufi inapotokea mtoto husoma: paka, kaka, taka, saka, waka, daka. Inapofika g, darasa huchangamka, kwa kuwa «gaka» inasomeka lakini haimo katika lugha ya nyumbani. Hapo ndipo kazi ya ukurasa wa pili inapoanza, maana mtoto huandika maneno aliyoyapata, hulitenga lile lisilo na maana, kisha huchagua neno moja na kulichorea picha. Kadi na utepe ni vya kuvutia, lakini akili ya mtoto ilifanya kazi zaidi alipokuwa akilikataa «gaka».

Vifuniko vya kufunuliwa navyo vina faida yake, hasa katika hesabu. Karatasi hukunjwa katikati, upande wa juu ukakatwa vipande vitano, na kila kipande kikaandikwa swali kama 7 na ngapi ni 10, huku jibu likiwa limejificha chini yake. Mtoto anayejibu kwanza ndipo afunue hujijaribu mwenyewe, na kujijaribu huko kuna uzito: Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi wa chuo waliojitahidi kukumbuka walichosoma walikuwa wamehifadhi mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena. Ukurasa wa vifuniko usiorudiwa baada ya siku uliyotengenezwa umepoteza nusu ya thamani yake, na huenda hapa ndipo walimu wengi wanapojipunja.

Lawama zinazotolewa dhidi ya daftari hili zina msingi. Katika kipindi cha dakika 30, ambacho ni cha kawaida kwa madarasa ya chini ya Tanzania na Kenya, ukataji unaweza kumeza dakika 20, na mtoto akatoka amejifunza ukataji. Mapambo nayo hudhuru. Mwaka 2013 Jennifer Kaminski na Vladimir Sloutsky wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walieleza kwamba watoto wadogo waliofundishwa kusoma chati za mihimili iliyojazwa picha za vitu, kama vile viatu, mara nyingi walizihesabu picha hizo badala ya kutazama urefu wa mhimili, ilhali wenzao waliofundishwa kwa mihimili mitupu yenye rangi moja hawakupotoshwa hivyo. Kipepeo aliyechorwa pembeni mwa kila swali humpendeza mwalimu aliyemchagua kuliko anavyomsaidia mtoto.

Walimu wenye uzoefu kwa hiyo hutumia mikunjo michache, mitatu au minne hivi, ambayo hurudiwa mwaka mzima hadi watoto wanaifanya bila maelekezo. Wiki za kwanza hutumika kufundisha mambo madogo: mkasi wenye ncha butu hushikwa vipi, mtoto wa mkono wa kushoto apewe upi, vipande vilivyobaki vitupwe wapi. Gundi inahitaji somo lake. Tone moja katika kila pembe na moja katikati hutosha, na kosa linalorudiwa kuliko yote ni mtoto kupaka karatasi nzima, mabawa ya kufunuliwa yakiwemo, ikagandamana isifunguke tena.

Katika shule za Afrika Mashariki swali la kwanza huwa ni la vifaa, kwa kuwa mwalimu mwenye watoto wengi hana mashine ya kurudufu wala mikasi ya kutosha. Hata hivyo malengo yenyewe si mageni: Tanzania ilianza mwaka 2015 kutumia mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, nao mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, unahimiza kila mwanafunzi awe na jalada la kazi zake. Ukurasa wa daftari lenyewe ukikunjwa kwa urefu hadi katikati huwa kifuniko bila mkasi wala gundi, na swali likaandikwa juu, jibu likaandikwa ndani. Kalenda ya mwaka uliopita hutoa kadi ngumu, na uji mzito wa unga wa muhogo au wa ngano hubandika vizuri, ingawa daftari lililobandikwa kwa unga lisipohifadhiwa mahali pakavu hushambuliwa na mende na panya.

Linabaki suala la kusahihisha, ambalo ndilo hutatiza zaidi. Mwalimu anayetoa alama kwa unadhifu wa kukata huwafundisha watoto kwamba unadhifu ndio somo, na mtoto ambaye vidole vyake havijakomaa huadhibiwa kwa jambo lisilo kosa lake. Lenye manufaa zaidi ni mwalimu kusoma sehemu ya mtoto na kuandika swali moja fupi, au kuliuliza kwa mdomo kwa yule asiyejua kusoma. Mtoto akiwa amechora mmea wa haragwe wenye mizizi inayotokea kwenye majani, ukurasa hauchanwi wala kupigwa mstari mwekundu. Baada ya kuchimbua mche halisi bustanini huchora upya kwenye kikaratasi, akakibandika kwa ukingo mmoja juu ya mchoro wa kwanza na kuandika tarehe, ili mzazi au mwalimu wa darasa la mbele akikifunua azione fikra zote mbili za mtoto.