Nani anasikiliza? Mashaka katika vyuo vikuu vyetu wakati wa Zaïre

Vijana wetu wa chuo kikuu huuliza mara nyingi kwa nini wazazi hupunguza sauti siasa inapotajwa, hata wakiwa ndani ya nyumba yao. Sehemu ya jibu iko katika historia ya vyuo vyenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 inchi yetu ilikuwa na vyuo vikuu vitatu: Lovanium cha Wakatoliki huko Léopoldville, chuo cha serikali huko Élisabethville, na Université Libre du Congo, ambacho Waprotestanti walianzisha Stanleyville mwaka wa 1963. Kila kimoja kilikuwa na wakubwa wake na desturi zake.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa. Askari wakafyatua risasi, wengi wakafa. Miaka miwili baadaye wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu hao, Mobutu aliwaandikisha jeshini. Mwaka huohuo wa 1971 vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa serikali. Chuo chetu cha Kisangani kikamezwa. Kitivo cha teolojia ya Kiprotestanti kilipelekwa Kinshasa, na mwaka wa 1974 kikaondolewa katika chuo cha serikali, kikabaki mikononi mwa Kanisa.

Umoja wa wanafunzi, UGEC, ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku mwaka wa 1968. Mahali pake palichukuliwa na JMPR, vijana wa chama. Tangu hapo aliyesema kwa niaba ya wanafunzi alikuwa pia sikio la chama. Hapa ndipo ubaya wenyewe ulipo. Serikali haikuhitaji mpelelezi katika kila chumba; ilitosha watu wasijue yuko chumba gani. Mwenye kuuliza swali gumu darasani aliogopewa, kwa sababu pengine ametumwa kuwachokoza wengine ili waseme. Mwenye kunyamaza naye aliogopewa: anakusanya nini? Profesa alipima maneno yake. Na kwa kuwa vitivo vilikuwa vimegawanywa kati ya miji mitatu, vijana wa Kivu, Kasai, Équateur na Shaba walilala katika jengo moja, mbali na kwao. Jambo hilo lingeweza kuwa baraka. Lakini penye hofu, kabila la mtu ndilo linaloangaliwa kwanza.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wengi walidhani sasa wanaweza kusema. Huko Lubumbashi, mwanzoni mwa Mei, wanafunzi waliwakamata wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi, wakawapiga vibaya. Sisi tunapenda kuruka kipande hiki tunaposimulia habari hiyo. Tusikiruke. Pengine shaka yao ilikuwa na msingi. Lakini hakukuwa na hakimu, wala nafasi ya mtuhumiwa kujieleza, na asili ya mtu ilichukuliwa kuwa ushahidi.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei watu wenye silaha waliingia kampasi. Umeme ulikatwa. Walionusurika walisimulia kwamba kulikuwa na neno la siri: mmoja akisema «Lititi», mwenziwe ajibu «Mboka». Asiyejua jibu alishambuliwa. Msomaji wa Waamuzi 12 atakumbuka vivuko vya Yordani, ambapo matamshi ya neno moja yalitosha kumwua Mwefraimu.

Serikali ilikubali kwamba alikufa mtu mmoja. Wengine walihesabu makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilisimamisha msaada wake na kudai uchunguzi wa kimataifa. Mobutu alikataa, akawafukuza Wabelgiji waliofanya kazi ya ushirikiano. Kwa miaka zaidi ya ishirini watu walikuwa wamezoea kutosadiki tangazo lolote la serikali, basi hata kama lingekuwa na ukweli ndani yake, nani angelipokea? Waliokuwa Lubumbashi mwaka ule ni wazee sasa, baadhi yao ni washiriki katika makanisa yetu, nao hadi leo hawapatani juu ya hesabu ya wafu.