Kutibu, Kuganga na Kuponya: Tendo na Matokeo katika Umaanisho wa Kitenzi -tibu, kwa Mifano ya Msasani, Tukuyu

Ikisiri

Kitenzi -tibu ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumika sana katika huduma za afya, lakini maana yake huchanganywa na ile ya -ponya. Makala hii inaonesha kwamba -tibu hutaja tendo la kumhudumia mgonjwa bila kuhakikisha matokeo, ilhali nomino tiba na kinyambuo -tibika huelekea kubeba maana ya matokeo. Mifano imetungwa kwa kuzingatia mazingira ya Msasani, wilayani Rungwe. Makala inahitimisha kwamba mvutano huo wa maana unagusa moja kwa moja uelewa wa ujumbe wa afya.

1.0 Utangulizi

Msasani ni mojawapo ya kata za mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Wenyeji wengi wa wilaya hii huzungumza Kinyakyusa nyumbani, ilhali maelezo ya ugonjwa, dawa na vipimo hutolewa kwa Kiswahili. Katika mazingira hayo, msikilizaji hutegemea sana kitenzi ili kujua ametendewa nini na atarajie nini.

2.0 Asili na Mgawanyo wa Kazi

Kitenzi -tibu kimetoholewa kutoka Kiarabu, na kina uhusiano wa mzizi na tiba, matibabu na tabibu. Kitenzi -ganga ni cha asili ya Kibantu. Nomino yenye mzizi huohuo hupatikana hata katika Kikongo, ambako nganga ni mtaalamu wa dawa na mambo ya kiroho. Maana pana ya -ganga imehifadhiwa katika methali "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", ambamo kinachogangwa si maradhi bali mambo yajayo.

Leo -ganga, kama kitenzi, kimefifia hospitalini na nafasi yake kuchukuliwa na -tibu. Hata hivyo, nomino yake imebaki katika vyeo vya serikali: Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mganga Mfawidhi wa zahanati. Kwa upande mwingine, sheria inayosimamia waganga wa jadi ni Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Hivyo, neno la Kibantu limempa cheo daktari wa serikali, na neno lenye asili ya Kiarabu limeipa jina kazi ya mganga wa jadi. Ni dhahiri kwamba asili ya neno haitoshi kueleza matumizi yake.

3.0 Tendo na Matokeo

Tofauti ya msingi kati ya -tibu na -ponya hudhihirika katika sentensi zifuatazo, ambapo kinyota huashiria sentensi inayojipinga kimaana:

(1) Bibi ametibiwa Makandana, lakini hajapona.
(2) \*Daktari amemponya Bibi, lakini hajapona.

Sentensi (1) inakubalika kwa sababu -tibiwa hueleza tu kwamba huduma imetolewa. Kiambishi -me- kinaonesha ukamilifu wa huduma, si ukamilifu wa afya. Sentensi (2) inajipinga kwa kuwa -ponya hubeba kupona ndani yake.

Ushahidi mwingine unatokana na yambwa. Hutibiwa mtu, hutibiwa ugonjwa, na katika lugha ya mamlaka za maji hutibiwa hata maji. Maji hayaugui wala hayaponi. Kwa hiyo \*kuponya maji hakukubaliki. Matumizi haya yanathibitisha kwamba kiini cha -tibu ni kukitendea kitu kwa dawa au kwa utaalamu.

4.0 Tiba, -tibika na Ujumbe wa Afya

Uthabiti huo hupotea katika maneno yanayotokana na mzizi huohuo. Kwa miaka mingi wananchi wameambiwa kwamba "UKIMWI hauna tiba". Wakati huohuo, anayeishi na VVU huelekezwa kwenye Kituo cha Tiba na Matunzo. Katika kauli ya kwanza tiba ni uponyaji. Katika jina la kituo ni huduma. Suala hili si dogo mkoani Mbeya, ambao katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016–2017 ulikuwa wa tatu kwa kiwango cha maambukizi, baada ya Njombe na Iringa. Anayechukua maana ya kwanza anaweza kujiuliza kituo hicho kinatoa nini. Anayechukua maana ya pili anaweza kutarajia kwamba siku moja dozi itakwisha.

Kauli ya kutendeka nayo ina utata. "Ugonjwa huu unatibika" humaanisha kwamba unaweza kushughulikiwa, lakini aghalabu hueleweka kwamba unapona. Kwa kifua kikuu tafsiri hiyo haina madhara, ilimradi mgonjwa amalize dawa, ambazo kwa kawaida huchukua miezi 6. Hatari iko katika kusema "nimepona" mara tu kikohozi kinapotulia. Ndiyo maana uainishaji wa Shirika la Afya Duniani hutenganisha aliyemaliza matibabu na aliyepona, ambaye kupona kwake kumethibitishwa na maabara.

Wataalamu wa afya wamekwisha kuanza kuziba pengo hili kwa vitenzi vingine. Dawa za VVU huelezwa kuwa *hufubaza* virusi. Kisukari na shinikizo la damu *hudhibitiwa*. Vitenzi hivi havimwahidi mgonjwa kupona, wala havimwambii kwamba hakuna la kufanya.

5.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba -tibu ni kitenzi cha tendo, -ponya ni kitenzi cha matokeo, na tiba hutumika pande zote mbili. Inapendekezwa kwamba kamusi zitenge maana mbili za tiba kwa mifano, na waandaaji wa ujumbe wa afya waseme "hauponi, lakini una dawa" badala ya "hauna tiba". Kwa mgonjwa wa Msasani, tofauti hiyo ni ya kuendelea na dawa au kuziacha.